Banda la Kuagania

Katika duka la mikate la Bwana Chen, mtaani kwetu Unguja, palitundikwa picha ya banda la Kichina ubavuni mwa mlima. Lilikuwa na nguzo nyekundu na paa lililopinda ncha, misonobari pembeni, ngazi za mawe zikishuka hadi mtoni. Jumamosi ile nilitumwa boflo, nikasimama kuitazama mpaka akanitania kwamba mkate utaota ukungu mkononi mwangu. Aliniambia banda lilijengwa na wazee wa kwao zama za kale, na mgeni akiondoka husindikizwa mpaka hapo. Hukaa, wakanywa chai, wakatazama mto. Kisha mgeni ndiye anayesema, "Rudi," na mwenyeji hugeuka. Nikamwambia sisi hatuna banda. Baba husindikiza mpaka mgeni achoke. Alicheka sana.

Alfajiri ya Jumapili, mapinduzi yalipoanza, tuliamshwa na bunduki. Tulijifungia ndani siku mbili, Baba, Mama, mimi na wadogo zangu, tukila tende na maji.

Siku ya tatu, mchana, tulisikia hodi. Alikuwa Bwana Chen, na boflo nne ndani ya shuka. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi tulipona kweli siku ile.

Mgeni alipoinuka kuondoka, Baba akatafuta viatu vyake amsindikize.

Mama alimshika mkono. Baba akamwambia taratibu kwamba mtu aliyeleta chakula haachwi atoke peke yake kama mwizi.

Duka lilikuwa mtaani humo humo, ukishapita kona.

Tulisikia risasi mbili.

Majirani walimleta Baba amefunikwa shuka ile ile ya mikate. Alipigwa akiwa anarudi.

Baada ya arubaini Bwana Chen alikuja na picha yake imeviringishwa, akamkabidhi Mama. Hakukaa.

"Pale kwenye kona nilipaswa kumwambia arudi, Bi Salma," alisema. "Niliogopa kwenda peke yangu. Nikanyamaza."

Mama akammiminia chai. Mimi niliondoka chumbani. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na tangu siku ile sikumwamkia tena mpaka tulipohama.

Picha hiyo sasa iko sebuleni kwangu huku ughaibuni, Barking, imepauka. Mjukuu wangu Rahma, ambaye Kiswahili anakielewa ila hujibu Kiingereza, alikwenda kusoma China. Alipojua kusoma maandishi ya pichani, akalitafuta banda, akanipigia simu ya video akiwa ndani yake. Nguzo zimepakwa rangi mpya. Misonobari ipo, mto upo, watalii wamejaa. Akanionyesha benchi la mawe lililobonyea kwa kukaliwa na watu waliokuwa wakiagana. Nililia pale jikoni, nikimlilia Bwana Chen niliyemnyima shikamoo. Alikuwa mtu mwoga siku moja tu, tena baada ya kuwa jasiri kuliko mtaa mzima.

Wiki iliyopita likizo ya Rahma iliisha. Nilimsindikiza kwenda stesheni na goti langu bovu, nikiburuta begi lake, nikikataa katakata kumwachia. Penye kona ya barabara kuu alisimama, akalichukua begi, akanikumbatia.

"Bibi, rudi sasa," akasema, kwa Kiswahili.

Nikageuka. Nilifika nyumbani salama, nikakaa chini ya picha bila kuvua koti, nikamwombea Baba, kisha nikamwombea na mgeni wake.