Msaragambo wa Watoto

Mratibu elimu wa kata alikuja kwa pikipiki asubuhi ya ukungu, akavua kofia ngumu, akatusalimu vizuri, akanywa chai yetu, ndipo akasema. Mwakani darasa la tano, la sita na la saba yatahamishiwa shule ya ng'ambo ya bonde. Hapa yatabaki madarasa ya chini tu, na sisi tutakuwa tawi la shule ile. Watoto wenu ni wachache mno, alisema. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana mtu mbaya unaweza kugombana naye.

Shule yenyewe iko juu ya Vudee, pale barabara inapokata tamaa na njia ya miguu inapoanza. Nilipangiwa kufundisha hesabu nikitokea Ugweno, Pare ya Kaskazini, na wenyeji walinitania miaka yote kwa Chasu changu, yaani Kipare cha huku, cha kubabaisha. Tulikuwa walimu wachache, pamoja na kijana mmoja wa kujitolea ambaye wazazi walimlipa kwa maharage na ndizi. Fedha za kuendeshea shule huja kwa kichwa cha mtoto. Watoto wakipungua, chaki inapungua, karatasi za mitihani zinapungua. Paa lakini halijui hesabu hiyo, linavuja vilevile wawe wengi au wachache. Mwalimu mkuu alifika mahali akawa anatukatia chaki vipande, nikamwambia akiendelea hivyo tutaandika kwa kucha. Hakucheka.

Watoto walikuwa wamekwenda wapi? Walikokwenda wazazi wao. Mashamba ya mlimani ni vipande vya kugawana, na ukishagawa mara ya tatu anayerithi anapata mahali pa kusimama tu. Vijana walishuka Makanya kwenye machimbo ya jasi, wakashuka Same mjini, wakaenda Dar es Salaam, wakazaa hukohuko. Huku juu zikabaki nyumba nzuri za bati zenye kufuli, ambazo wenyewe huzifungua Krismasi, wakala, wakaimba kanisani, wakafunga tena. Waliobaki ni mabibi na mababu na wajukuu wachache.

Kufika shule ya ng'ambo ni kushuka mpaka mtoni na kupanda upande wa pili. Wakati wa masika mto unajaa, na mtoto wa miaka kumi hana ubavu nao. Nilijua, na kila bibi pale kijijini alijua, kwamba watoto wakishahamishiwa kule si wote watakaofika darasa la saba. Hilo ndilo tulilokuwa tunaligombania, wala si jina la shule.

Mwenyekiti wa kijiji akaita mkutano kwa baragumu. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na kwetu ikilia watu huja na majembe, maana huwa ni msaragambo, ile kazi ya wote: kuzibua mfereji, kutengeneza barabara, kujenga darasa. Kila nyumba inatoa mkono. Isiyotoa inalipa faini. Basi siku ile nao walikuja na majembe, wengine na nyundo za kupasulia mawe, na mzee mmoja alikwisha kupima uwanja kwa kamba. Walikuwa wamesikia shule ina tatizo, na kwa Mpare shule ikiwa na tatizo dawa yake ni kujenga. Nikawaambia, jamani, madarasa tunayo. Tunachokosa ni watoto. Wakaketi juu ya majembe yao.

Aliyesimama ni bibi jirani yangu. Huyu bibi alikuwa na kuku mwekundu mtagaji hodari, na kila Ijumaa aliniletea mayai yamefungwa kwenye kitambaa, akiyaita mayai ya mwalimu. Nikijaribu kumlipa ananuna. Alikuwa mjane, haoni vizuri, lakini mdomo wake ulikuwa mzima.

"Msaragambo kila nyumba inatoa mkono," alisema. "Safari hii kila nyumba itoe mtoto."

Mzee wa kamba akacheka. "Bibi, sisi na wewe uzazi umeshatuaga."

"Wako nimesikia uliaga mapema," bibi akamjibu, na mkutano mzima ukacheka isipokuwa yeye. "Wajukuu wetu wako huko chini tambarare. Si wana mabibi? Waje walale kwetu, wasome huku. Nyumba isiyoleta itoe kuku. Na atakayemleta kisha akamwondoa kabla ya la saba, naye atoe kuku."

Kwa asiyetujua, kuku ni kuku. Lakini Wapare tunataniwa kila mahali kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku, na sisi wenyewe hatukatai sana. Kwa hiyo walipokubali faini ile nilijua hawatanii.

Miezi iliyofuata simu zilipigwa mpaka betri zikaisha. Niliwasikia mabibi wakipanda kwenye mwinuko wenye mtandao, wakibembeleza, wakilia, wakitisha kutokuzikana. Mimi mwenyewe niliitwa niongee na wazazi nisiowajua. Bibi jirani alikuwa na binti Makanya, anayeuza chai na chapati kwa wachimba jasi, na binti huyo alikuwa na mabinti wawili. Bibi alimwambia mbele yangu, "Mlete mkubwa. Kuna mwalimu wa hesabu huku, mtoto akikaa kwake anaelewa. Huko kwenu si wanakaa chini sakafuni?" Kisha akanipa simu nithibitishe. Nikathibitisha. Nilisema, mlete mama, nitamwangalia.

Januari wakaja, kweli. Walipanda na bodaboda, wengine na viatu vya wazi, wakitetemeka. Walicheka matope yetu, wakauliza umeme uko wapi. Mmoja alijua Kimaasai kizuri kwa kucheza na watoto wa wafugaji wa tambarare, akawa anawafundisha wenzake matusi yake. Mabibi wakashuka mnadani wakanunua masweta ya mitumba. Makande yalipikwa sufuria kubwa kuliko zamani. Mjukuu wa bibi aliingia darasa la tano, msichana mpole, mwepesi wa hesabu kuliko nilivyotazamia, na kuanzia hapo yeye ndiye aliyekuja na mayai ya Ijumaa. Mratibu akarudi na pikipiki yake, akapita darasa hadi darasa, akatikisa kichwa kwa mshangao. Madarasa ya juu yalibaki. Siku ile nilifurahi mpaka nikaona aibu ya kufurahi vile mbele ya wanafunzi.

Furaha haikufika Pasaka. Barua ya uhamisho ilikuja na jina langu. Sikuhitaji kuelezwa sana. Walimu wa hesabu ni wachache wilaya nzima, na huko tambarare, watoto wa milima yote wanakozaliwa, darasa moja lina watoto kama shule yetu yote. Ukiwa ofisini na ikama yako, ile hesabu ya walimu wa kila shule, mezani, ungefanya nini? Ningefanya vilevile. Nilisema hivyo kwa mwalimu mkuu, kisha nikaenda nyuma ya choo cha walimu nikalia kwa hasira.

Nilipokwenda kumuaga bibi hakunilaumu. Alinipangia mayai kwenye ndoo ya pumba yasivunjike njiani.

"Wametuachia watoto, wamechukua mwalimu," alisema. Kisha akanishika mkono. "Nenda, mwanangu. Na wa huko nao ni watoto."

Nilipangiwa Makanya. Joto lake sitalieleza, mtu wa mlimani akishuka kule anajiona anapikwa. Vumbi la jasi lilikuwa jeupe kwenye nywele za wazazi waliokuja kuuliza habari za watoto wao. Darasani kwangu watoto walijaa kiasi kwamba sikuwa na mahali pa kuweka mguu nikitaka kumfikia wa nyuma, nikawa nasahihisha madaftari nimesimama mlangoni. Walikaa sakafuni, kama bibi alivyosema. Na walikuwa watoto wazuri, wenye kiu ya kusoma. Nilitaka kuwachukia kidogo nikashindwa.

Siku moja baada ya vipindi alikuja mwanamke na chupa ya chai mkononi, unga wa chapati umemkaukia vidoleni. Alikuja kuuliza habari za mwanawe mdogo, wa darasa la tatu. Alipoisikia sauti yangu akanitazama.

"Shikamoo, mwalimu. Wewe si yule wa kule juu? Tuliongea kwa simu."

"Marahaba, mama. Ndiye mimi."

"Mwanangu nilimtoa hapa nikampeleka kule kwa sababu yako," alisema. "Nasikia uko hapa, nikasema watu wanazusha." Hakuwa na ukali wowote. "Sasa huko hesabu anamfundisha nani?"

Nilijua jibu. Mwalimu mkuu alikuwa amenipigia. Alishika madarasa matatu peke yake, na yule kijana wa kujitolea alikuwa amepata kazi Same akaondoka. Darasa la tano walikuwa wananakili ubaoni wakisubiri.

"Hakuna," nilisema.

"Nimrudishe?"

Nikisema ndiyo, nyumba moja imeondoa mkono wake, na kesho ya pili, na mratibu atarudi, na wengine watapelekwa ng'ambo ya mto. Nikisema hapana, namwambia mama amwache mwanawe akae bure ili hesabu ya shule itimie. Niliangalia ile chupa ya chai. Yeye alikuwa ananiuliza mimi, mwalimu niliyemwahidi.

"Mrudishe, mama," nilisema.

Wiki iliyofuata msichana aliingia darasani kwangu na sweta lake la mlimani, jasho likimtiririka usoni. Wenzake wakamcheka. Nikawanyamazisha, nikamwambia alivue, akalivua, akalikunja, akaketi juu yake sakafuni karibu na miguu yangu. Mapumziko alibaki.

"Bibi anakusalimu," alisema.

"Hajambo?"

"Hajambo. Ametoa kuku."

Nikamuuliza kama walikuja kumdai. Akasema hapana, bibi alikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti siku ileile mama alipopiga simu, akamkabidhi kuku na kurudi, hakutaka mtu amsindikize.

Nikamuuliza ni kuku yupi.

"Yule mwekundu," akasema. "Wa mayai yako."