Mtambo wa Nailoni wa Shemeji Yangu

Mtambo mdogo wa majaribio pale Migori niliusanifu mimi. Mume wa dada yangu, injinia kama mimi, ndiye aliyesimama mbele ya wenye fedha akasema ni wake.

Tulitaka kuchukua nyavu kuukuu za nailoni zinazotupwa kwenye fuo za Homa Bay, tuzioshe, tuzikatekate na kuziyeyusha, tupate punje za plastiki ngumu ya kutengenezea gia za posho mill, mashine za kusagia mahindi. Plastiki ya ndoo haiwezi kazi hiyo. Kila hatua niliichora kwenye meza ya jikoni kwa dada, shemeji akichungulia na kusema niko sawa.

Siku ya kuwasilisha alizungumza peke yake. Mmoja wa wenye fedha aliponiuliza mimi ni nani, shemeji aliwahi kujibu: "Ni shemeji yangu. Ananisaidia kuchora."

Nikatabasamu kama mjinga. Kazi akapewa yeye. Dada aliniomba ninyamaze kwa ajili ya watoto wake, nami nikahamia Homa Bay, nikapata kazi ya kusimamia pampu za maji.

Nailoni hufyonza unyevu hewani. Hata ikionekana kavu kwa macho, lazima ikaushwe kwenye tangi la hewa moto kabla ya kuyeyushwa. La sivyo inajaa mapovu na kuvunjika kama biskuti. Tangi hilo nililichora. Shemeji aliliondoa kupunguza gharama, eti jua la Migori linatosha. Dada alinisimulia hayo tukila samaki kwangu, bila kujua amenipa nini. Ningeweza kumwonya mumewe siku hiyo hiyo. Nilimwomba anipitishie chumvi.

Gia za kwanza zilipasuka kwenye mashine za watu huko Oyugis. Shemeji akanipigia simu, sikupokea. Niliposikia wenye fedha wanakuja kukagua, nilikwenda bila kualikwa. Aliponiona uso wake ulichangamka. Alidhani nimekuja kumwokoa. Akalaumu nyavu mbovu, akalaumu umeme unaopotea kila mara. Nilimwacha amalize.

"Shemeji," nikasema, "waonyeshe mahali nailoni inapokaushwa."

Akaangalia mashine, kisha dirishani. "Inakaushwa nje," akasema kwa sauti ndogo.

Niliokota gia moja, nikaivunja kwa mikono, nikawaonyesha vitundu vilivyojaa ndani na kuwaeleza vimetoka wapi. Wakaniuliza nimejuaje.

"Mtambo huu niliusanifu mimi. Muulizeni."

Walimuuliza. Akaitikia kwa kichwa, macho yake kwenye gia iliyovunjika, nami sikumsaidia kwa neno lolote.

Mtambo nilikabidhiwa mimi. Tangi lilijengwa, na gia sasa zinasaga mahindi bila shida. Baada ya muda shemeji alimtuma dada amwombee kazi kwangu. Nilimpa mumewe kazi ya uani, kwenye kuosha nyavu, ambako harufu ya samaki waliooza haitoki nguoni hata ufue namna gani. Ofisini nafasi ilikuwapo.

Dada sasa hunisalimia kanisani kwa mkono tu, halafu anaenda kukaa upande mwingine. Hilo linaniuma. Lakini asubuhi mimi hupitia uani hata kama sina shughuli huko, na nikimkuta shemeji ameinama juu ya karai, mikono imezama mpaka viwikoni, moyo wangu hutulia.