Mvua za Yangambi Ndani ya Mashine

Mwezi wa nane wa mwaka 2000, wiki chache baada ya mabomu ya vita vya siku sita kunyamaza, mzee mmoja, papa Néhémie, aliingia Kisangani kwa pirogi, mtumbwi wa mtoni, akiwa amekumbatia kompyuta kuukuu iliyofungwa kwa chandarua. Kwa miaka thelathini alikuwa amepima mvua kwenye kituo cha utafiti cha Yangambi. Madaftari yake askari waliyatumia kuwashia moto wa kupikia. Mvua zote alizopima zilikuwa zimebaki ndani ya kompyuta ile tu, na programu ya kuzitoa ilikuwa imeharibika.

Kompyuta akamkabidhi Kadidja, msaidizi katika maabara ya chuo kikuu, msichana aliyezoea kuwajibu watu huku macho yake yakiwa kwenye kibodi.

Programu mpya Kadidja aliiandika kwa siku moja. Taabu ilikuwa kichakataji, ule ubongo wa kompyuta. Kompyuta ya Yangambi ilikuwa na kichakataji cha jamii nyingine, na kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya mtu kuwa amri za mashine, ilijua kompyuta ya maabara tu. Bahati nzuri, profesa mmoja aliyekimbia vita alikuwa amemwachia msimbo wote wa kompaila hiyo, yaani maandishi yaliyoiunda, kwenye diski. Basi akalinakili faili linaloeleza kichakataji cha maabara, akaanza kulibadilisha mstari kwa mstari: hiki cha Yangambi kina nafasi ngapi za kushikia namba, kinabeba namba ya upana gani kwa mara moja. Alijiona kama anamweleza mgeni nyumba ambayo hata yeye hajawahi kuingia: mlango uko hapa, maji yako kule.

Kuijenga kompaila upya kulichukua saa tano, na petroli nusu ya bidoni. Papa Néhémie alikaa karibu, jenereta ikinguruma nje, akasimulia. Siku moja aliijua kwa kichwa: tarehe tisa Machi 1974, milimita tisini na sita. Ndiyo siku aliyozaliwa binti yake Hélène, na mkunga alivushwa uani juu ya mlango uliong'olewa, ukielea.

Kesho yake asubuhi walichapisha. Karatasi ikatoka polepole. Tisa Machi: sifuri. Kumi Machi: sifuri. Miaka thelathini bila tone.

Mzee akashuka na kidole mpaka chini ya ukurasa.

"Bon," akasema taratibu. "Donc, basi, ile mvua nilikuwa naiota tu?"

Petroli iliyobaki ilitosha jaribio moja, na pirogi ya kumrudisha mzee ilikuwa iondoke jioni ile. Kadidja akatoka, akakaa kwenye ngazi, akiitazama karatasi yenye sifuri nyingi kama mayai. Weupe wake ukamkumbusha ukurasa mwingine. Alikuwa na miaka sita, amezoea vitabu vya Kifaransa vya shuleni, akakifungua kitabu cha baba yake, papa Sefu, kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Akakuta ukurasa mtupu, akakimbia kumwambia kwamba kitabu chake hakikuandikwa. Baba hakumcheka. Alikigeuza tu mikononi mwake, akakifungua upande wa pili, kilikoanzia.

Kadidja akasimama. Mashine ya maabara huanza kuhifadhi namba kwa sehemu yake ndogo, mamoja kabla ya mamia. Ya Yangambi huanza na kubwa. Mistari inayosema hivyo alikuwa ameinakili bila kuigusa, na kwa hiyo programu ilikuwa ikichungulia kila mvua kwenye nusu ya sehemu kubwa, ambayo kwa namba ndogo haina kitu.

"Mvua iko mule, papa," akasema, na safari hii alimtazama usoni. "Ni mimi nilifungua upande mubaya."

"Mvua nayo iko na upande mubaya, mutoto yangu?"

Akairekebisha mistari ile, akamimina petroli yote. Wakangoja saa tano nyingine. Mwishowe karatasi ikaanza kusogea tena, na jenereta ikiwa imeanza kukohoa, tarehe tisa Machi ikatokea: 96,2.

Papa Néhémie akaisogeza karibu na macho.

"Na mbili," akasema. "Ile mbili nilikuwa nimeisahau."