Jina la Mgongoni

Mimi sina subira, nasema mapema tusije tukasumbuana. Mwenye subira ni mwanamke ninayetaka kuwasimulia, wakili aliyemtoa mdogo wangu jela. Tulimbandika jina la Mama Tutaona, maana umuulize lolote, jibu lake ni hilo hilo. "Mdogo wangu atatoka?" "Tutaona." Siku ya kwanza niliondoka ofisini kwake nimenuna. Nilitaka wakili wa kugonga meza, nikapewa wa kunywa chai!

Ofisi yenyewe ni vyumba viwili juu ya duka la viatu. Ngazi inanuka gundi, mafaili yamepangwa mpaka juu ya friji mbovu. Hapo anaongoza mawakili vijana watatu, na kazi yao ni kuwahangaikia watu waliofungwa kwa makosa ya wengine. Zamani alikuwa upande wa mashtaka. Nilimuuliza kwa nini aliacha. "Nilichoka kushinda," akasema, akarudi kwenye faili lake. Mchana mumewe, mwalimu wa hesabu, humletea chakula na kumsimamia mpaka amalize, la sivyo kinapoa hapo hapo.

Mdogo wangu ni fundi magari. Jina lake la gereji ni Spana, na lilikuwa limeshonwa kwa uzi mwekundu mgongoni mwa ovaroli lake. Jioni moja mlinzi wa ghala alipigwa nondo, mali ikaibwa. Mzee mwenye duka la jirani alimwona mtu akikimbia, akasoma mgongoni: SPANA. Basi, kesi ikaishia hapo. Mama aliapa mahakamani kwamba saa ile mwanawe alikuwa kitandani kwetu anatetemeka kwa homa. Wakasema, mama gani asiyemtetea mwanawe? Mdogo wangu akapewa kifungo cha maisha. Tangu siku hiyo Mama, na presha yake ile, akawa na swali moja: nitamwona kabla sijafa?

Wakili wetu wa kwanza gereji hakuikanyaga. Mama Tutaona yeye alikuwa na gari bovu tulilolipa jina la Kikohozi, na lilipozima akalikokota mpaka kule alikofanyia kazi mdogo wangu. Akakaa juu ya tairi kuukuu, anatazama. Mbele yake fundi mmoja ameandikwa Betri mgongoni. Akaita, "Betri, gari langu vipi?" Yule hata hakugeuka. Akaitikia mwingine kabisa, kutoka chini ya lori, na gereji nzima ikaangua kicheko. Kumbe dobi akirudisha maovaroli huyaleta kwa furushi moja, na kila mtu anachukua linalomtosha. Jina la mgongoni halina mwenyewe.

Wakili alinipigia simu nikiwa namsuka mteja.

"Dada, ulikuwa unajua hili?"

"Kila mtu anajua!"

"Na hakuna aliyelisema mahakamani?"

"Nani aliuliza? Mimi nitajuaje kama ovaroli nalo ni mambo ya sheria?"

Akaniambia nijiandae, tunakwenda kwa mzee wa duka. Damu ikanichemka. Mtu huyo nilikuwa nimemlaani mpaka laana zikaniishia! Wakili akasema, "Atadhani tumekuja kumshika uongo. Akikuona wewe umekaa kwa heshima, ataongea. Ila leo ulimi uache nyumbani."

Jamani, ulimi hauna mfupa, na wangu hauna hata breki. Lakini nilipiga moyo konde. Tulikaa kwenye benchi la dukani, katikati ya mifuko ya sabuni, mzee akitukata jicho kutoka nyuma ya mizani.

"Mmekuja kuniita mwongo?" akauliza.

"Hapana, mzee wangu," wakili akasema. "Ulisoma jina, ukasema jina. Mimi nataka kujua ulichokiona na ambacho hukukiona."

Mzee akafuta mizani ambayo haikuwa na vumbi. Nilikuwa natafuna mtandio wangu nisije nikaropoka. Mwishowe akasema, "Uso sikuuona. Niliona mgongo tu. Na hakuna aliyeniuliza habari ya uso." Kisha akanigeukia. "Binti yangu, mimi nilidhani mwenye jina ndiye mwenye nguo."

Nilikuwa nimejiwekea matusi ya kumtosha yeye na ukoo wake. Yaliyotoka ni, "Asante, baba." Hata mimi nilijishangaa.

Yale maneno yake mzee aliyarudia mbele ya majaji, na mafundi wakaeleza habari ya furushi la dobi, wakiwa wamevaa mashati ya kuazima. Wakili hakugonga meza hata mara moja. Siku majaji walipotamka kwamba hukumu imefutwa, nilipiga vigelegele mpaka askari akaniamuru nitoke, nikatoka huku naendelea kupiga.

Nje, mdogo wangu alimshika wakili mikono miwili. "Mama, nikushukuru vipi?"

"Usinishukuru kwa kurudishiwa kilicho chako," akasema. "Tumechelewa. Utusamehe."

Yeye ndiye anaomba msamaha! Waliomfunga wako kimya, na aliyemtoa anaomba msamaha. Hapo nililia kama mtoto. Asitake shukrani, shauri yake, mimi namshukuru hivyo hivyo. Mungu ampe umri mrefu, na Kikohozi kipone.

Tulifika nyumbani na gari hilo hilo, tukilisukuma kwenye kilima. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Alimshika mdogo wangu uso, masikio, mabega, akamwambia amekonda, akamkaripia kwa kukonda, akalia, akacheka. Wakili alibaki kizingitini, viatu mkononi, akisema kwa sauti ya chini kwamba yeye anakwenda, kuna faili la mtu mwingine linamngoja.

"Mwanangu," Mama akaita, "njoo hapa."

"Si niko hapa, Mama," mdogo wangu akasema.

"Wewe nimeshakuona. Namwita mwenzako, yule pale mlangoni."

Wakili akaweka viatu chini, akaingia, akaketi upande wa pili wa Mama.