Uyoga Mbele ya Tetemeko

Kiwako alikuwa amejibanza nyuma ya mashine ya vinywaji, kopo la chai ya moto mkononi, aliposikia akisemwa.

"Yule wa uyoga?" kijana mmoja alisema upande wa pili wa mashine. "Huyo usimpige. Mtishe tu. Ukimtisha anainua ngao. Kila mara, kaka. Kama kubonyeza swichi ya taa."

"Na yule bibi?"

"Bibi ana tetemeko, tena kali. Lakini halipigi mpaka mkwewe awe amejifunika. Nimewatazama tangu asubuhi. Wanaheshimiana hao, wanaheshimiana mpaka basi! Sisi tutawamalizia kwenye hiyo heshima yao."

Wakacheka. Sarafu ikaanguka ndani ya mashine, kopo likabingirika, kisha wakaondoka wakiburuza slipa za ukumbi sakafuni.

Kiwako hakutoka. Kopo lilikuwa linamuunguza kiganja naye hakulisikia. Aliwajua kwa sauti: Ryuhei na Kazuma, wanafunzi wa chuo kutoka Yonago, ndio hao hao ambao yeye na mama mkwe wake walikuwa wakutane nao katika fainali ya mkoa ya mchezo wa video wa jozi. Na walichokisema kilikuwa kweli tupu. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mtu akikusingizia, walau una la kukanusha.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwembamba, mwenye desturi ya kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Aliolewa Kurayoshi, katika nyumba yenye duka la tofu, ile jibini ya soya, na mumewe Norifumi alipohamishiwa kazini Fukuoka, alibaki na mavyaa wake, Tazu, katika nyumba ambayo chakula cha jioni kililiwa kwa sauti ya vijiti na televisheni ya jirani. Norifumi akawanunulia mashine mbili ndogo za mchezo, labda kwa kudhani zingewapa la kuzungumza. Kiwako alidhani mzee angeitupa yake kabatini. Badala yake Tazu aliuvamia mchezo ule kama mtu aliyeachiliwa kutoka kifungoni. Alichagua Gandobe, dubu wa mawe, mzito, mwenda polepole, asiyebembeleza mtu.

"Mimi nitapiga," alisema jioni ile ya kwanza. "Wewe chagua kitu cha kunisaidia."

"Ndiyo, Mama."

Ndivyo Kiwako alivyompata Kasamo, uyoga wenye miguu miwili na kofia pana, asiye na pigo lolote la maana. Kasamo anaweza kuinua ngao akajikinga mwenyewe, ila si zamu mbili mfululizo. Anaweza kumwaga unga wa usingizi. Na anaweza kufanya kitu kinachoitwa Njoo Kwangu: hupunga kofia yake, na mapigo yote ya adui ya zamu ile, hata yaliyomlenga mwingine, humgeukia yeye.

Msaidizi huchezwaje? Kiwako alilijua jibu kama anavyolijua jina lake. Usiku, kwenye mtandao, alikuwa akiwaelekeza watu asiowajua: kazi ya msaidizi si kupona. Kazi yake ni kumpatia mwenzake zamu moja zaidi ya aliyo nayo adui. Msaidizi anayemaliza pambano akiwa mzima, mara nyingi amemwachia mwenzake mzigo wote. Watu walimshukuru na kumwita mwalimu. Kisha mchana, akiketi mezani mbele ya adui mwenye macho, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye ngao.

Leo kosa la mkono ule lingegharimu zaidi ya pambano. Tazu alikuwa na doa katikati ya kila jicho. Daktari alisema lingetanuka. Tazu aliporudi kutoka hospitali alisema kwamba ana miaka miwili ya kuona skrini, pengine zaidi. Kiwako hakuamini ile "zaidi," na siku nyingine hakuiamini hata ile miwili. Mzee alikuwa akiishika mashine pembeni ya uso, akiitazama kwa upande, kama kuku anayepima punje. Washindi wa leo wangekwenda Yokohama majira ya kuchipua, kwenye mashindano ya nchi nzima. Tazu hakuwahi kuomba kitu tangu Kiwako aingie nyumba ile, lakini wiki iliyopita, akikata tofu, alisema bila kugeuka, "Ningependa kuiona Yokohama nikiwa nimeketi upande wa wachezaji."

Wakishindwa leo, basi. Mwaka ujao hakutakuwa na macho ya kwenda nayo.

"Umejificha huku?" Tazu alikuwa amesimama mbele yake, koti la duka begani, onigiri, tonge la wali, iliyoumwa nusu mkononi. "Nimekutafuta mpaka chooni. Kula."

"Siwezi, Mama. Tumbo."

"Tumbo lako linaogopa tangu uolewe. Lipe wali lishughulike."

Kiwako alitaka kumwambia yale aliyoyasikia. Angeyasemaje? Mama, wanajua kwamba mimi ni mwoga? Mama, wanajua kwamba unanihurumia? Akaipokea onigiri, akatafuna. Tunda chachu la katikati lilimfanya atokwe na machozi, na alishukuru kupata kisingizio.

Mwamuzi, Bwana Ogi, fundi baiskeli wa mtaa wa kituoni, aliwaita mezani. Wote wanne waliinama. "Tunaomba mtupe mchezo mzuri," walisema kwa pamoja. Ryuhei alitabasamu kwa adabu, meno meupe. Sheria ilisomwa tena: pambano likianza, washirika hawasemezani. Kila mmoja huona kwenye skrini yake alama ya kitendo alichochagua mwenzake, na anaweza kubadili chake mpaka muda wa zamu uishe. Kutazamana hakukatazwi. Kunong'ona ni kushindwa.

Walianza. Kila mchezaji alikuwa na viumbe wawili, mmoja uwanjani na mmoja akiba. Kazuma alimtoa Surudo, nyigu mwenye upanga mahali pa mwiba, na mara moja nyigu akaunyanyua upanga, akauelekeza kwa Kasamo.

Kiwako alijua ni vitisho, kwani mchezo huruhusu kumwelekezea mmoja silaha na kumpiga mwingine. Alijua! Alikuwa amesikia kwa masikio yake mwenyewe. Kidole kikaenda kwenye ngao hata hivyo.

Nyigu hakumgusa. Upanga uligeuka ukamchoma Gandobe ubavuni.

Zamu iliyofuata alimwaga unga wa usingizi, ukampata kiumbe wa Ryuhei, na Gandobe akamwangusha. Afueni ile ilikuwa fupi. Ryuhei akamwingiza Hibashi, ndege wa moto, na Hibashi akatanua mabawa juu ya uyoga. Ngao tena. Tena moto ukamwendea Gandobe. Nyuma yake, kati ya watazamaji walioketi kwenye mikeka, mama mmoja alisema kwa mwenzake, kwa sauti aliyodhani ni ndogo, "Huyu binti anajitunza kweli kweli."

Kiwako alitamani sakafu ipasuke immeze.

Pambano likaenda hivyo, zamu baada ya zamu, kama mtu anayevuliwa nguo polepole mbele ya watu. Tazu aliiweka mashine kwenye pembe ya jicho akawa anabonyeza. Kila Kiwako alipoinua ngao, tetemeko la Gandobe lilipiga uwanja mzima. Lakini tetemeko hilo huwapata wote, adui na mshirika, kwa hiyo zamu ambazo Kasamo hakuweza kujifunika, Gandobe alipiga kwa kucha tu. Adui wakaijua zamu ya tetemeko kama watu wanavyojua saa ya treni. Ikifika, wanajikinga. Ikipita, wanapiga. Akiba ya Kiwako ilikuwa imeshaanguka, akiba ya Tazu pia, na Kazuma naye hakuwa na mwingine ila nyigu.

Wakabaki wanne: uyoga na dubu upande huu, nyigu na ndege upande ule. Dubu alikuwa na uhai kama wa mshumaa uliobaki utambi. Pigo moja lingemmaliza. Zamu iliyopita Kasamo alikuwa ameinua ngao, kwa hiyo sasa hakuwa nayo. Nao wale vijana walilijua hilo. Kazuma aliegemea kiti, akamtazama Kiwako, akampa tabasamu la huruma.

Hii ndiyo zamu ya kucha, tabasamu lilisema. Hatuna haja ya kujikinga.

Kiwako aliuona mlango mmoja tu. Kasamo apunge kofia, mapigo yote mawili yamjie yeye. Gandobe, ambaye ni mzito na hupiga mwisho, atabaki amesimama kwa mara moja, na hapo apige tetemeko kwa watu wasiojikinga. Kasamo atakufa kwa upanga, au kwa moto, au kwa mguu wa mama mkwe. Haidhuru kwa upi.

Alibonyeza Njoo Kwangu. Alama ya njano ikatokea.

Kisha alama ya Tazu ikatokea kwenye skrini. Ilikuwa kucha.

Hapana, Mama. Siyo kucha! Kucha ingemwangusha mmoja, na yule mwingine angemmaliza dubu zamu ijayo. Akaikumbuka sauti ya mzee katika jioni zote zile za mazoezi: "Umejifunika? Umejifunika kweli? Sitaki mtaa useme namkanyaga mkamwana wangu." Wakati ule walikuwa wakicheka. Sasa muda ulikuwa ukiyoyoma kwenye pembe ya skrini, tarakimu zikigeuka nyekundu, naye hakuruhusiwa hata kukohoa.

Akageuza shingo, akamtazama mama mkwe wake.

Lilikuwa jambo dogo, lakini hakuwahi kulifanya. Katika nyumba ile aliyatazama mabega ya Tazu, mikono yake, fundo la aproni yake. Usoni alipita tu, kama mtu anavyopita mbele ya polisi. Sasa alimkazia macho, mdomo umefungwa, machozi yakimlenga, akiogopa wale vijana, akiogopa watu wa kwenye mikeka, na zaidi ya wote akimwogopa huyu mzee ambaye huenda angelichukia kwa maisha yote jicho hili la utovu wa adabu. Hakuinamisha kichwa. Kila mfupa wa shingo ulimwomba ainame.

Tazu alihisi. Akauzungusha uso upande, akamtazama kwa pembe ya jicho lake, akatulia hivyo.

Kidole chake kikasogea.

Kucha ikafutika. Tetemeko.

Muda ukaisha.

Kasamo alipunga kofia. Upanga wa nyigu, uliokuwa ukimwendea dubu, ukapinda hewani ukamshukia uyoga. Moto wa ndege ukafuata. Uyoga akapepesuka, akaanguka, na kofia yake ikabingirika hadi ukingoni mwa uwanja. Kiwako alifumba macho. Alisikia ngurumo tu, ndefu, ile aliyozoea kuisikia akiwa nyuma ya ngao, na baada yake ukimya, kisha mtu wa kwenye mikeka akapiga kelele.

Alipofumbua, uwanja ulikuwa na dubu peke yake.

Watu walipiga makofi. Kazuma alikuwa amejishika kichwa. "Hakujifunika," alimwambia mwenzake. "Kaka, hakujifunika!" Kisha wakakumbuka adabu, wakasimama, wakainama. "Dada, umetuweza," Ryuhei alisema, na safari hii hakukuwa na meno. Kiwako akainama akiwa ameketi.

Hapo ndipo alipohisi vidole vya Tazu vikimshika mkono, vimebana, vya baridi.

"Kiwako," mzee alisema kwa sauti ya chini, uso wake bado umeelekea kwenye skrini, tabasamu la kuwaridhisha watu limekaa mdomoni. "Niambie upesi. Tumeshinda au tumeshindwa?"

"Mama?"

"Makofi ni ya kwetu au ya kwao? Sioni."

Kiwako alitazama skrini ya Tazu. Neno la ushindi lilikuwa limeandikwa hapo kwa herufi kubwa zilizoijaza yote.

"Ya kwetu," alisema. "Tumeshinda. Mama, tangu lini?"

"Asubuhi palikuwa na rangi rangi kidogo. Baada ya chakula, hakuna. Vitufe navijua mahali pake. Lakini alama zako sikuziona, nilihesabu tu zamu zako za ngao, na hii haikuwa mojawapo. Nikaona bora kucha." Akavuta pumzi. "Halafu nikaona umenigeukia. Pembeni bado naona umbo la mtu. Nikasema, huyu mtoto hajawahi kunitazama hivi, basi ameshaamua kufa."

Watu walikuwa wakija mezani kuwapongeza. Bwana Ogi alikuwa akileta bahasha ya Yokohama, ameishika kwa mikono miwili. Kiwako aliona midomo yake ikisogea, hakusikia kitu. Hofu ya mezani ilikuwa ndogo, aligundua. Hii ndiyo yenyewe. Majira ya kuchipua yalikuwa ng'ambo ya msimu mzima wa theluji, na jicho halikungoja hata jioni.

"Daktari alisema miaka miwili," alinong'ona.

"Daktari hakusema hivyo. Mimi nilisema hivyo." Vidole vilibana zaidi. "Norifumi asijue. Ataacha kazi arudi, na mimi sitaki. Umesikia? Usimwambie."

Kwa miaka yote ile jibu lilikuwa moja, "Ndiyo, Mama," na lilikuwa tayari ulimini, laini, limezoea njia.

"Nitamwambia," Kiwako alisema. Sauti ilimkatika katikati ya neno, ikabidi aanze upya. "Nitamwambia leo, Mama. Na kesho tunakwenda hospitali, mimi na wewe."

Tazu akageuza uso wake upande, polepole, akamtafuta kwa pembe ya jicho. Kiwako alibaki hapo hapo, akakubali kutazamwa.