Utepe Usio na Jina

Kile kibanda chenye mlango wa bluu pale Picha ya Ndege, Kibaha, kimefungwa, na safari hii si kwa sababu mwenyewe kaenda kijijini kwao Marui kung'oa mihogo. Binti yake alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa ofisini na kikombe cha chai mkononi, akaniambia, "Mjomba, mama ametutoka." Presha ilimpanda alfajiri, wakamkimbiza hospitali, hakufika. Nikafanya jambo ambalo wenzangu ofisini hawajanisamehe hadi leo: nikacheka. Binti naye akacheka huku analia, kwa sababu alielewa. Mimi ni Mnyamwezi, mama yake alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, na kwa miaka yote niliyomfahamu tulikuwa watani. Mtani akifa, mtani wake haendi msibani kukaa mkekani na kuinamisha kichwa tu. Ana kazi ya kumuigiza marehemu, kuwachokoza wafiwa, kuwachekesha hata wasiotaka kucheka. Nilijua hapo hapo kwamba mama yule ameniachia mzigo mzito, maana mdomo wake sikuwahi kuuweza hata siku moja.

Alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule, magauni ya kitchen party na mapazia, ila ikikaribia mechi ya timu ya taifa kibanda kiligeuka cha jezi. Alipunguza zilizopwaya, akabandika namba mgongoni, akashona majina ya watu waliotaka kujiona wachezaji. Nikitokea tu alinitania kwa upagazi wa mababu zangu, "Mbeba mizigo, leo umetubebea nini?" Nami nilimjibu kwamba nimepita kuhakikisha bado yupo, maana nimesikia ngoma inalia Kisarawe na Mzaramo akisikia ngoma huacha hata nguo ya bwana harusi kwenye cherehani. Alicheka mpaka sindano ikasimama. Kuna wakati niliandika kwenye safu hii hii kuhusu ule ugomvi wa Waingereza, kama ua jekundu la kuwakumbuka askari wao waliokufa vitani ni kumbukumbu au ni siasa, na kama linastahili kukaa kwenye jezi ya taifa. Nilihitimisha kwa mbwembwe kwamba jezi isiwekwe kitu chochote, kwisha habari. Nikampelekea gazeti nikitegemea sifa. Wiki iliyofuata nikalikuta limekatwa kuwa kipimo cha kola. "Safu yako imenifaa sana mtani," alisema. "Karatasi yake ngumu."

Basi, ikaja mechi moja wakati wa kampeni. Kikundi chetu cha washangiliaji wa Kibaha kilikuwa kimempoteza mpiga ngoma wake wiki hiyo hiyo, ajali ya bodaboda, mwanaume mpole ambaye hakuwahi kukosa uwanjani hata mvua inyeshe vipi. Tukakubaliana kila mmoja avae utepe mweusi kwenye mkono wa jezi. Jezi zote tukazipeleka kwa fundi. Siku mbili kabla ya mechi akaja mpambe wa mgombea mmoja, mtu mcheshi, mwenye tabasamu la kuuza kiwanja chenye mgogoro. Mgombea anatoa basi la bure, kwenda na kurudi. Sharti lake dogo tu: kifuani, kando ya nembo ya taifa, ishonwe beji yenye sura yake. Na zile tepe nyeusi zitolewe, kwani picha ya bosi kukaa karibu na alama ya msiba ni nuksi. Mwenyekiti wetu akakubali palepale. Na mimi, msomaji wangu, sina pa kujificha: nilikubali. Nilikuwa na hamu ya ile mechi kuliko kitu kingine chochote, na basi lilikuwa na kiyoyozi.

Tulipomfikishia fundi habari hiyo alikuwa ameshamaliza nusu ya tepe. Akaondoa mguu kwenye cherehani. "Nitatoa hii, niweke ile?" Mwenyekiti akamwambia, "Mama, ni beji tu, tusiikuze." Fundi akatoa beji moja kwenye mfuko tulioachiwa na mpambe, akaitazama mbele na nyuma kama anayekagua kitambaa chenye tundu, akairudisha. "Huyu anaomba kura," akasema. "Yule mpiga ngoma haombi kitu tena. Mnamtoa asiyeomba ili mumuweke anayeomba? Na kifuani pana mwenyewe, pana nchi. Mimi sishoni. Kama mna fundi mwingine, jezi zenu hizo hapo."

Nikajitia msomi. Nikamwambia kwamba tukimruhusu marehemu mmoja leo, kesho kila mtaa utakuja na marehemu wake, na jezi itageuka ukuta wa matangazo. Kwa hiyo bora vyote viwili vitoke. Ajabu ni kwamba vyote viwili vikitoka, basi halipo. Lakini nilikuwa nimekwishaanza kushindana, na Mnyamwezi akianza safari harudi nyuma. Aliniangalia kwa huruma. "Mtani, wewe hujui kushona, ndiyo maana. Beji ina sura na jina, haimtoshi mtu mwingine. Utepe hauna jina. Wewe utamuweka mpiga ngoma, mwenzako atamuweka baba yake, mimi nitamuweka mume wangu. Wote tunaingia humo humo, na hatubanani." Aliyesogea kwanza ni mwenyekiti. Alichukua ule mfuko wa beji, akatoka nao nje, akamkabidhi mpambe aliyekuwa akisubiri na kumshukuru kwa adabu zote. Basi likaenda zake. Mimi nikabaki nimesimama na usomi wangu.

Siku ya mechi tulitoka asubuhi kwenda stesheni ya Soga kupanda treni ya umeme, kila mtu na tiketi yake. Fundi naye alikuja. Hakuwa amewahi kukanyaga uwanja wa mpira maishani mwake, na alikuwa amebeba ile ngoma ya marehemu, kaifunga kwa kanga mgongoni. Wacha nimwambie kwamba leo mbeba mizigo ni yeye! Getini wakatukagua. Mbele yetu kulikuwa na watu waliozuiwa kwa ajili ya kofia na skafu za vyama, wanabishana na walinzi. Mlinzi akaushika utepe wangu, akauliza, "Huu wa nini?" Nikamwambia tumefiwa. Akatazama mkono wa jezi yangu kidogo, akasema na yeye amefiwa na mama yake mwezi uliopita, akatupisha. Nikageuka nyuma kumwangalia fundi. Alipandisha nyusi tu. Dakika za mwisho tukafunga bao, ngoma ikalia, na mama yule wa Marui akarukaruka mpaka kiatu kimoja kikapotelea safu za chini. Tulishinda, tukarudi naye kachakaa, mguu mmoja peku, sauti imekauka.

Nimekuwa nikifikiri tangu siku ile juu ya vitu tunavyobandika kwenye vifua vyetu. Tumezoea sana siku hizi. Turubai la harusi lina jina la mtu, madaftari ya shule yana sura ya mtu, hata jeneza linaweza kufika nyumbani kwenye gari lenye bango. Hakuna ubaya mtu kusaidia. Ubaya ni kulazimika kumvaa aliyekusaidia. Wanasheria wa mpira wana kanuni ndefu za kutenganisha siasa na kumbukumbu, na bado wanagombana. Fundi wetu alizitenganisha akiwa kakaa kwenye stuli, kwa swali moja: huyu anaomba, au haombi?

Tulimzika Marui baada ya sala ya adhuhuri. Washangiliaji wote walifika na jezi zile zile, tepe zimefifia kidogo kwa kufuliwa. Na yule mgombea alifika pia. Sitaki kudanganya, uchaguzi alishinda, sasa ni mheshimiwa. Alishuka garini na skafu ya chama shingoni. Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza. Nilikuwa nimevaa aproni ya marehemu, futi yake ya kupimia shingoni, miwani yake puani, nikamzuia katikati ya ua wa msiba. Nikampima kifua mbele ya watu wote, nikaiga sauti ya fundi: "Kifuani pana mwenyewe, baba. Nafasi ipo mkononi." Wapambe wakanivamia. Mzee mmoja wa familia akapaza sauti, "Mwacheni huyo! Huyo mtani wetu!" Kina mama ndani walikuwa wameshaangua kicheko.

Mheshimiwa alinitazama, akawatazama watu wenye jezi, nikaona amezikumbuka beji zake zilizorudishwa. Akavua skafu, akaikunja, akaiweka mfukoni. Kisha akanyoosha mkono. Nilitia sindano uzi mara nne ndipo ukapita, machozi yalikuwa hayanipi nafasi, nikamshonea utepe mweusi kwenye mkono wa shati, umekwenda upande kama njia ya ng'ombe. Akauliza taratibu, "Naruhusiwa kumuweka na marehemu kaka yangu?" Nikamjibu kwa sauti yangu mwenyewe kwamba fundi alisema wote wanaingia. Mtani, umeshinda tena, na safari hii hukuwa hata na mdomo wa kunijibu.

Kwa desturi safu hii haitaji majina ya watu, na kuna wakati desturi hiyo imenikera. Leo sijakereka. Kumbukumbu ya kweli haimsukumi mtu nje ili mwingine aingie. Niliposema "fundi", msomaji, ninajua umemfikiria mtu wako aliyekwenda. Muache hapo hapo. Hawabanani.