Salamu Niliyoitoa Mimbarini

Mimi ni yule mtu ambaye darasani nikiulizwa swali, jibu ninalijua, ila nasema sijui ili nikae haraka. Niko kidato cha tatu na kuna mwalimu mpaka leo anadhani nimehamia juzi. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyeambiwa ahubiri. Kanisani kwetu Kerege, Jumapili, ibada kuu, watu wote wapo! 

Mchungaji wetu alikuwa anataka vijana tupewe Jumapili moja kila mwezi, tuongoze ibada na kuhubiri wenyewe. Siku hizi anakwenda sana Mkange kuwahudumia waumini wachache wa kule, na hawezi kujigawa. Alisema asipoandaa watu sasa, atatafuta watu siku ambayo hawapo. Wazee wengine walikubali, wengine wakanuna. Mzee mmoja wa kanisa, mwalimu mstaafu ambaye hata akikohoa vijana tunanyoosha migongo, alisimama akasema mbele yetu:

"Mimbari si uwanja wa mazoezi. Nawapa Jumapili moja. Mkiichezea, hoja hii nisiisikie tena."

Jumapili moja, basi. Na mchungaji akanichagua mimi.

"Mchungaji, wapo wanaojua kuongea," nilimwambia kwa sauti ya mbu.

"Wanaojua kuongea tunawasikia kila siku. Wewe bado sijakusikia."

Rafiki yangu wa kwaya alicheka mpaka akashika kiti. "Aisee, huyu? Si atahubiri kwa ishara!"

Nilichagua habari ya yule msichana aliyesimama kando ya mto akimlinda mdogo wake aliyefichwa kwenye kikapu. Binti wa mfalme alipomwokota yule mtoto, msichana akajitokeza, akamwendea na kusema naye, na mtoto akapona. Nilimpenda kwa sababu kwanza alisimama mbali. Kusimama mbali ndiyo kazi ninayoiweza.

Mchungaji ana mtindo wake wa kufundisha. Karatasi hataki kuiona. Jumamosi, wenzangu wakifagia na kupanga viti vya plastiki, alinisimamisha mlangoni mwa kanisa, yeye akavuka barabara kuu na kusimama upande wa pili, kwa muuza mananasi. Nihubiri, yeye asikie. Malori yanapita, bodaboda zinapiga honi, na mimi nanong'ona habari za mto na kikapu.

"Sisikii!" mchungaji akapiga kelele.

Muuza mananasi, ambaye wala si wa kanisani kwetu, akadakia: "Dada, ongeza sauti! Mtoto kaokotwa na nani?"

"Na binti wa mfalme!" nikapaza sauti.

"Haya, ikawaje?"

Nikamsimulia mpaka mwisho, lori likipita nasubiri, likiondoka naendelea. Sikujua kama nina sauti ya kuvuka barabara. Mchungaji aliporudi alinipa neno moja tu la mwisho: nisianze kabla ya salamu. Niseme "Bwana Yesu asifiwe", nisubiri waitike "Ameni", halafu ndiyo niingie kwenye neno. Mhubiri akishaitikiwa, alisema, hofu inapungua nusu.

Jumapili asubuhi nilipita kwa bibi jirani yetu anayenisuka. Ni Mwislamu, mtu wa Kaole, na kwake huingii kimya kimya kama paka.

"Asalaam aleikum, bibi. Shikamoo."

"Waaleikum salaam. Marahaba, mjukuu wangu. Nasikia leo unatoa mawaidha."

"Mahubiri, bibi."

"Hayo hayo. Tuliza kichwa."

Nikatoka na mistari ya nywele imenyooka, nikijirudia maneno yangu njia nzima. Nyimbo zikaimbwa, matangazo yakasomwa, nikaitwa. Kwenye kiti cha mbele kabisa alikaa yule mzee wa kanisa, mikono kifuani, miwani kwenye ncha ya pua. Nikashika mimbari kwa mikono miwili. Nikafungua mdomo.

"Asalaam aleikum!"

"Waaleikum salaam!" kanisa zima likaitika.

Zima! Huku kwetu pwani salamu hiyo unaitoa na kuiitikia dukani, msibani, harusini, inatoka kabla hujafikiri. Na aliyeitika kwa sauti kuliko wote ni mzee wa kanisa, tena yeye akaongeza na "warahmatullahi".  Nilitamani ardhi ipasuke. Nikawaza, tayari, nimewaharibia vijana wote. Halafu mama mmoja wa kwaya akaangua kicheko, na kanisa lote likamfuata.

"Endelea mwanangu," akaniambia huku anafuta machozi, "sisi tumeshaitika!"

"Bwana Yesu asifiwe," nikasema.

"Ameeeni!"

Nikaingia. Na hapo nikasema jambo ambalo sikulipanga kabisa: kwamba nadhani hata yule msichana, aliposimama mbele ya binti wa mfalme, maneno ya kwanza hayakutoka kama alivyoyapanga. Lakini hakurudi kujificha, akaongeza la pili. Kuna mtu akasema "Kweli!" Dah! Mtu mzima ananiambia mimi kweli! Nilihubiri mpaka nikasahau mikono yangu iko wapi.

Baada ya ibada mzee wa kanisa akaniita nje. Mkewe alikuwa pembeni yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umemaliza ghafla kama mtu anayekimbizwa."

"Ndiyo, mzee."

"Kusoma neno umesoma vizuri. Lakini ile salamu..."

"Baba, ile salamu iache," mkewe akamkata. "Wewe umeitika kuliko sheikh."

Mzee akajikaza, akashindwa, akacheka mpaka akavua miwani. Sikuwahi kuyaona meno yake. Alipotulia akaniuliza, "Haya, mwezi ujao anahubiri nani?"

Mwezi ujao! Mchungaji alikuwa karibu, ananitazama tu.

"Mwingine, mzee," nikasikia najibu. "Nitamwandaa mimi."

Nani alinituma niseme hivyo, sijui. Leo Jumatano wameshakuja vijana wawili nyumbani kuomba nafasi. Mmoja ni mjukuu wa yule mzee wa kanisa, na anasema ni babu yake aliyemwambia awahi.